Barazani na Wasomaji: Mji Mdogo, Moyo Mzito

Barua tatu za mwezi huu zimetoka pande tatu za mkoa mmoja wa Tanga, na walioziandika hawajuani, ila mzigo walioubeba ni uleule. Nimezifupisha kwa ruhusa yao na kuyaondoa majina, kwa kuwa katika miji yetu jina la mtu likishatajwa hata mbuzi wake anajulikana.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa pili tangu nihamishiwe Pangani kutoka Dar es Salaam. Sijafiwa, sidaiwi, na mimi na mke wangu tunaelewana. Hata hivyo, tangu mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, na sasa ni zaidi ya miezi miwili, ninaamka saa tisa usiku na kubaki nikiitazama dari hadi adhana ya alfajiri. Chakula hakina ladha. Mpira niliokuwa nikiushabikia hadi sauti kukauka, sasa nautazama bila kujua nani kafunga. Mji hauna pa kwenda, na kila ninapopita naulizwa, "Mwalimu, mbona umekonda?" Jirani mmoja anasema nimepigwa jicho, mwingine anasema huo ni uvivu wa watu waliozoea mjini. Je, huu ni ugonjwa, au ni kukosa shukrani? – Mwalimu, Pangani*

Marahaba, mwanangu. Kukosa shukrani hakumwamshi mtu saa tisa ya usiku, kwa hiyo hilo liweke kando kabisa. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi nilipostaafu, na mambo uliyoyaeleza, yaani kuamka kabla ya wakati na kushindwa kurudi usingizini, chakula kupoteza ladha, na kutokufurahia kitu ulichokuwa ukikipenda, ndiyo ambayo mhudumu wa afya huyauliza anapotaka kujua kama mgonjwa wake ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Yakidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hayo si uchovu wa kawaida tena. Wewe umeshafikisha miezi miwili.

Wala usidhani kwamba huzuni isiyo na sababu ni jambo lililozuliwa na madaktari wa juzi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa katika nchi ambayo leo tunaiita Afghanistan na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na humo akatenganisha huzuni mbili: ile ambayo mwenyewe anajua imetoka wapi, kama vile kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomfunika mtu bila yeye kuijua sababu yake. Hiyo ya pili aliihusisha na mwili, akaona itibiwe kwa dawa za mwili pamoja na maneno ya kuutuliza moyo. Maelezo yake kuhusu uchafu wa damu hatuyafuati tena, lakini kule kuitenga huzuni ya aina hiyo na lawama ni hekima ambayo jirani yako wa uvivu bado hajaifikia.

Kwa hiyo nenda hospitali ya wilaya, ueleze kama ulivyonieleza mimi, bila kuficha lile la saa tisa, na uombe damu yako ipimwe, kwa maana upungufu wa damu, na vilevile tezi ya shingoni inapofanya kazi chini ya kiwango, vinaweza kumlegeza mtu kwa namna hiihii. Wa jicho simkatai. Dua isomwe, kombe linyweke kama ndiyo desturi ya nyumbani kwenu, mradi isiwe sababu ya kuahirisha safari ya hospitali.

Sasa nije kwenye lile ulilolitaja kwa maneno machache, nami nadhani ndilo zito: kwamba mji hauna pa kwenda. Mtu aliyelemewa na huzuni hungoja moyo uchangamke ndipo atoke, akidhani kwamba hamu hutangulia na tendo likafuata. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba mambo huenda hivi: mtu anapoacha kufanya yale yaliyokuwa yakimpa raha, siku zake zinakosa kitu cha kuukuna moyo, moyo usipokunwa unazidi kulala, na ukizidi kulala, mwenyewe anazidi kujifungia. Tiba iliyotokana na fikra hiyo humtaka mgonjwa atende kwanza, kwa kiasi kidogo na kwa saa aliyoipanga, hata kama hamu haipo. Hamu huja nyuma, ikichechemea.

Hili nalijua kwa kulisoma na pia kwa kupitiwa nalo. Mwaka niliostaafu nilikaa miezi mingi chumbani, redio ikizungumza peke yake, na khanga niliyojifunga asubuhi ndiyo niliyolalia. Dada yangu mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu, alikuja akaniambia kwamba mjukuu wake anataka kujua ile nyumba ya mlango wa nakshi iliyo nyuma ya soko ilijengwa lini, na kwamba yeye miguu inamuuma, basi nimwendee. Baadaye nilikuja kujua kwamba mjukuu hakuwa ameuliza kitu. Nikaenda kwa kisirani. Mlango ulikuwa umefunikwa vumbi la chokaa, na juu, katikati ya maua yaliyochongwa, kulikuwa na alama nne ambazo nilizifuta kwa pembe ya mtandio: ١٣١٢. Nilisoma madrasa nikiwa mdogo, kwa hiyo tarakimu nilizitambua, ni 1312, lakini ilinibidi nisimame pale juani nikikokotoa ni mwaka gani huo. Wasomaji wengi huniuliza hesabu hii, basi naiweka hapa: mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo katika kila miaka 100 unapunguza mitatu, kisha unaongeza 622. Ukitoa 39 kutoka 1312 unabaki na 1273. Ongeza 622, unapata 1895. Kwa kuwa miaka hiyo miwili haianzi siku moja, sema ni 1894 au 1895.

Hapo ndipo mwenye nyumba alipotoka na kuniuliza natafuta nini. Nilimwambia. Aliniletea kigoda, akaniletea kahawa, akanieleza habari za babu yake hadi adhuhuri. Sikurudi nyumbani nimepona. Nilirudi nikiwa na njaa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Wewe, mwalimu, unakaa mahali ambapo mtu mwenye swali hakosi pa kwenda. Hapo Pangani ndipo, mwezi Agosti mwaka 1888, wakala wa kampuni ya Kijerumani aliyeitwa Emil von Zelewski alipopandisha bendera ya kampuni bila kujali amri ya liwali wa Sultani wa Zanzibar, na mji ukachafuka kiasi cha kuwasha vita vya pwani nzima. Hapo ndipo Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, alipoletwa na kunyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Wanafunzi wako wanaikariri tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani. Sijui ni wangapi wamewahi kuuliza nyumbani kwao watu wa mtaani wanasemaje kuhusu mahali penyewe. Panda pantoni uvuke hadi Bweni, ukae kwenye ubao na wachuuzi na baiskeli zao, uutazame mto ambao maji yake yameanzia Kilimanjaro na Meru. Waulize wavuvi wazee kuhusu Maziwe, ambacho leo ni tuta la mchanga linalozama maji yakijaa, lakini wao au baba zao walikiona kikiwa kisiwa chenye mivinje na kasa wakipanda kutaga. Muulize mtu mmoja swali moja kwa siku, saa kumi jioni, uwe na hamu au usiwe nayo, na uandike jibu kwenye daftari.

Kuna faida nyingine ambayo hutaipata ukikaa na kitabu chumbani. Mji mdogo unakuchosha kwa sababu kila mtu anakuuliza wewe: umekonda, umenuna, mbona hukuonekana msikitini. Anayeulizwa muda wote huhisi anapekuliwa. Siku utakapoanza kuwa wewe ndiye muulizaji, maswali yatapungua yenyewe, kwa kuwa hakuna mzee wa pwani atakayeendelea kuujadili wembamba wako hali umempa nafasi ya kueleza jinsi baba yake alivyonunua jahazi.

Lakini nisieleweke vibaya. Habari za kale si dawa, na daftari haliwezi kuchukua nafasi ya daktari. Ikiwa saa tisa ya usiku inakuletea fikra za kujidhuru, au za kwamba watu wako wangepumzika usipokuwepo, mwamshe mkeo saa hiyohiyo, umwambie kwa maneno ya wazi, na kukipambazuka muwe hospitalini pamoja. Wala usilale peke yako usiku unaofuata.

*Bibi mpendwa, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda upande wa Mwera. Nina maswali mawili. La kwanza, abiria huniambia kwamba mkonge uliletwa nchini umefichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni kweli? La pili linamhusu babu yangu. Alikuwa mkata mkonge tangu ujana wake. Tangu bibi afariki mwaka jana amekuwa wa kukaa kimya kwenye mkeka, anajibu kwa kichwa, anasema mgongo unauma, na watu wanasema ni uzee tu. Tufanyeje? – Mjukuu, Mwera*

Marahaba, mjukuu wa mwenzangu. Hadithi ya mamba ni tamu, nami niliisikia tangu sijaota meno ya ukubwani, lakini habari iliyoandikwa ni nyingine, na kwa maoni yangu inashangaza zaidi. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Huko mkonge ulikuwa umepandwa tangu miaka ya 1830 na mtu aliyeitwa Henry Perrine, ambaye alikuwa balozi mdogo wa Marekani huko Mexico, ulikotoka mmea huo. Miche hiyo ilipofika Tanga mwaka 1893, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, yaani hapohapo unapowapitisha abiria wako. Kutokana na miche 62 ambayo ingetosha kujaza mkokoteni mmoja, kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na yaliyofuata babu yako anayajua kuliko mimi, maana aliyaona yakipita mbele ya panga lake.

Na hapo ndipo swali lako la pili linapoanzia. Usimuulize, "Babu, unajisikiaje?" Watu wa rika lake hawakulelewa kulijibu swali hilo, atasema "Salama" na kugeukia ukuta. Muulize jambo ambalo yeye ndiye bingwa wake. Kipande kilikuwaje? Ni kweli kilikuwa kadi yenye nafasi 30, na mtu halipwi mpaka zote zijae? Manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka Kigoma na Njombe, walipofika kambini walipokewaje, na waliimba nini wakati wa kukata? Korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, ilipokuwa ikinguruma, harufu ya majani yaliyosagwa ilifika hadi wapi? Kisha mwombe akuonyeshe kwa mikono jinsi ya kukata jani bila miiba ya ncha kukuchoma jicho. Nakuhakikishia kwamba mikono itaanza kuzungumza kabla ya mdomo.

Hili si ujanja wangu. Mwaka 1963 daktari wa Marekani aliyeitwa Robert Butler aliandika kwamba mzee anaporudia habari za maisha yake hapotezi muda wala hapotezi akili, bali anayapanga upya maisha hayo ili ayaone yamekuwa na maana, na kwamba kumnyamazisha ni kumnyima kazi muhimu ya umri wake. Tangu hapo watu wanaohudumia wazee wameitumia njia hiyo kwa makusudi, na wenye huzuni wengi hupata nafuu. Ikiwa simu yako inarekodi, rekodi, lakini mwambie kwanza. Mzee akijua kwamba maneno yake yanawekwa hukaa wima.

Uwe tayari kwa jambo moja: akiyazungumzia mashamba atafika kwa marehemu bibi yako, kwa sababu huenda walikutana humohumo kambini. Akilia, usimkatize kwa kumwambia ajikaze. Kaa. Mpe maji. Msiba wa mwaka mmoja kwa mtu aliyeishi na mwenzake miaka 50 bado ni msiba mbichi.

Kuhusu "uzee tu", nina ugomvi wa siku nyingi na maneno hayo. Sonona kwa wazee mara nyingi haisemi "nina huzuni". Husema mgongo unauma, sina hamu ya ugali, niacheni nilale. Vilevile mzee anaweza kunyamaza kwa sababu hasikii na anaona aibu kuomba kila neno lirudiwe, au kwa sababu mtoto wa jicho umeshamfunga macho na hatambui nani ameketi mbele yake. Mpeleke kituo cha afya, masikio na macho yatazamwe, mgongo utazamwe, na muuguzi aulizwe waziwazi juu ya huzuni. Kwa kuwa una pikipiki, hilo halihitaji nauli. Linahitaji asubuhi moja usiyobeba abiria, na uendeshe polepole.

*Bibi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza. Mwezi uliopita daktari aliniambia nina sonona, akanipa vidonge. Nimevinywa siku tisa, mdomo unakauka, nasinzia, na huzuni iko palepale. Dada wa mume wangu aliviona, akasema, "Hivyo ni vya watu wa Lutindi." Tangu siku hiyo nimevificha kwenye boksi la vifungo na sijavigusa. Naogopa mtaa mzima utaniita mwehu. – Fundi, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Wifi yako ametumia jina la Lutindi kama tusi, nami nataka kwanza nikueleze ametukana nini.

Lutindi iko juu katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904, watoto wale walipokuwa wamekua, mahali hapo pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na inahesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika Mashariki, miaka zaidi ya 20 kabla ya Mirembe ya Dodoma kujengwa mwaka 1927. Tangu zamani wagonjwa wake wamekuwa wakipewa kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya matibabu, na chai inalimwa hukohuko. Kwa hiyo mtu anayesema "wa Lutindi" anataja nyumba iliyoanza kwa kuwapokea watoto wasio na kwao, kisha ikawapokea watu ambao ndugu zao walikuwa wakiwafunga kwa kamba. Mimi jina hilo siwezi kulionea haya. Na wewe hata huko hukupelekwa. Ulipewa vidonge ukarudi kwenye cherehani yako.

Sasa vidonge vyenyewe. Siku tisa ni chache. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama za kutuliza maumivu ya kichwa. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, ndipo mtu aanze kuona tofauti, ilhali usumbufu wake, kama mdomo kukauka na usingizi, huja mapema na mara nyingi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ndiyo maana wengi huziacha katika wiki ya pili, wakiwa wamelipa gharama yote bila kuchukua bidhaa. Usivitoe kwenye boksi la vifungo na kuanza mwenyewe upya. Rudi kwa daktari wiki hii, umwambie umeacha tangu lini na kwa nini, umwambie pia kwamba unafanya kazi na sindano inayokwenda kasi, kwa sababu saa ya kunywa dawa inaweza kupangwa usiku au dawa ikabadilishwa. Ukishapata nafuu usiache ghafla. Kwa kawaida huendelezwa kwa miezi isiyopungua sita baada ya kupona, kisha hupunguzwa taratibu kwa maelekezo. Kama una mimba au unanyonyesha, liseme hilo kabla hajaandika chochote.

Vidonge peke yake havimalizi kazi, na hapo nitakuhadithia jambo la Zimbabwe, kwa sababu linatuhusu sisi watu wa baraza. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliona kwamba nchi yake ina madaktari wa akili wachache mno kuweza kumhudumia kila mwenye shida, akaanza na akina bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza, na wakawa wanakutana na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mabibi wale hawakutumia neno la daktari. Walisema *kufungisisa*, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, na kila mtu akaelewa bila kuona aibu. Kinachonifurahisha ni namna wanavyofanya: hawaishii kwenye "pole". Baada ya kusikiliza yote, humtaka mgeni achague tatizo moja kati ya yale aliyoyamwaga, na hawamwachi aondoke kabla hajasema atafanya hatua gani ndogo na siku gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida ya zahanati.

Nyumba zetu za pwani zina benchi hilo tangu enzi, limejengwa kwa mawe ukutani, na sisi tunalitumia kwa kupiga umbea na kungoja maghrib. Mtafute mtu mmoja, mkubwa kwako, asiyebeba maneno, na asiwe wa ukoo wa mume wako. Mwambie sentensi moja tu ya kuanzia: "Daktari amesema nina sonona." Wala usitumie neno wehu, maana silo ugonjwa wako, na ukilitumia wewe wengine watalichukua. Kisha mwombe akuulize kila wiki mambo mawili, umekunywa dawa na umetoka nje ya nyumba, hata kama hatakuuliza kitu kingine.

Kuhusu mtaa, utasema. Mtaa husema juu ya kila mtu, na habari ya leo husukumwa na ya kesho; wateja wako watakachokikumbuka ni kama gauni la harusi lilikaa vizuri mabegani. Wifi naye mwachie mumeo azungumze naye, kwa kuwa ndugu husikilizana vizuri zaidi bila mke kuwepo. Lakini mumeo lazima ajue kwanza, nawe katika barua yako hujaniambia kama anajua. Mwambie kabla ya kwenda kwa daktari, na ikiwezekana aende nawe, asikie mwenyewe saa ya dawa, ili vidonge vitoke kwenye vifungo viende kuwekwa mahali mnapoweka sukari, juu, mbali na watoto.